Jumamosi zangu na wageni wa Nyarugusu

Huwa naulizwa sana, tena na watu wangu wa karibu kabisa, hivi unapata nini? Yaani we fundi mzima unafunga kibanda Jumamosi, siku ambayo wateja wa nguo za sendofu ndo wanakuja kwa fujo, unaenda kuzunguka sokoni na wakimbizi. Nikisema silipwi wananiangalia tu. Nikisema nafurahi wanacheka. Sasa nimeamua niandike maana kwa mdomo huwa sifiki mbali, nikianza tu kusimulia mtu anadakia "si wanapewa chakula cha bure hao?" na stori inafia hapo.

Tuelewane kwanza, hapa Mwanza mjini hakuna kambi. Kambi ziko mkoa wa Kigoma, Nyarugusu iko Kasulu, Nduta iko Kibondo. Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokuwa wanakimbia vita kule Kivu ya Kusini, halafu 2015 Burundi ilipochafuka wakaja na Warundi wakajazana humohumo. Na kwa sheria yetu ya wakimbizi ya 1998 mkimbizi anakaa kwenye eneo alilopangiwa, akitaka kutoka lazima awe na kibali. Kwa hiyo ukimkuta huku kwetu na karatasi zake mkononi mara nyingi ni mgonjwa, au ni mtu aliyemleta mgonjwa, maana kesi zikishindikana kule Kasulu na Kigoma zinapandishwa huku hospitali ya rufaa ya Bugando. Mgonjwa analazwa, sawa, ana kitanda na ana daktari wa kumwangalia. Yule aliyemleta sasa? Anakaa mjini wiki, mwezi, wengine miezi kadhaa, hamjui mtu, hajui daladala, hajui sokoni ni wapi wala choo cha kulipia ni shilingi ngapi, na asubuhi anatakiwa awe wodini na uji.

Kibanda changu cha kushona kiko kwenye njia ya kupanda Bugando, kwa hiyo watu wa hospitali wote nawaona wanavyopita, wenye chupa za chai, wenye mito, wenye kulia. Siku moja akaja dada mmoja na gauni la kitenge, zipu imekufa, nikamwambia bei. Nilimtajia ile bei ya kuanzia, ambayo mtu yeyote wa Mwanza anajua kabisa kwamba hiyo bado haijawa bei. Dada akafungua fundo la kanga akatoa hela akanipa. Yote! Hakusema hata "mama nipunguzie". Nikabaki nimeshika ile hela, nikamrudishia nusu, nikamuuliza we dada mbona hupatani? Akanijibu kwa kile Kiswahili chao cha kule, taratibu kabisa, "Mama, mi niko mugeni. Mugeni akigombana batamuuliza makaratasi."

Baadaye nilikuja kujua kwamba huyu dada kambini alikuwa anauza vitumbua, na ule unga wa mgao alikuwa anajua auze kiasi gani ili apate mboga, anajua kukopesha, anajua kudai, biashara anaijua kunizidi mimi ambaye wateja wangu wananizungusha mwaka mzima. Sio kwamba alikuwa hajui kupatana bei. Alikuwa anaogopa. Na karatasi zake zilikuwa safi kabisa, kibali anacho, kimekunjwa ndani ya nailoni, lakini woga hauangalii kibali.

Mi neno mkimbizi nilianza kulisikia nikiwa shule ya msingi, 1994, yale mauaji ya Rwanda. Watu walivuka pale Rusumo kuingia Ngara karibu robo milioni kwa siku moja tu, na miili ikawa inabebwa na mto Kagera mpaka ziwani. Watu wa umri wangu wa kanda hii ya ziwa wanakumbuka, samaki walikosa wanunuzi, mama yangu alikuwa hataki hata kusikia harufu ya sato ndani ya nyumba, tukala maharage mpaka tukayachukia. Kwa hiyo kichwani kwangu mkimbizi ilikuwa ni habari ya kutisha iliyokuja na maji, haikuwa mtu mwenye zipu mbovu aliyesimama mbele yangu anasubiri chenji.

Nikamsimulia jirani yangu. Huyu ni mama mtu mzima, wazazi wake walikimbia Burundi 1972, yeye kakulia makazi ya Ulyankulu kule Tabora, na ni mmoja wa wale zaidi ya 160,000 waliopewa uraia wa nchi hii, vyeti vilianza kugawiwa 2014. Kisukuma anakizungumza kunishinda mi niliyezaliwa hapa. Nilitegemea atasema tukusanye nguo. Akanikatalia palepale. Akasema nguo wataletewa na kanisa, wataletewa na msikiti, wataletewa na kila mtu mwenye kabati limejaa, we wafundishe mji. Akasema yeye alipofika Mwanza mara ya kwanza alikaa siku nzima pale stendi kwa sababu tu aliona aibu kuuliza daladala ya Igoma ni ipi.

Basi tukaanza wawili. Na hapa niseme kitu kwa wale wanaotaka kufanya kama sisi, msiende kichwakichwa. Tulienda kwanza kwa shirika linalowahudumia wakiwa huku, tukajieleza, tukaandikwa majina, tukaambiwa kipi ruhusa na kipi sio ruhusa. Hutakiwi kumtafutia kibarua mtu ambaye kibali chake ni cha matibabu, hutakiwi kumhamishia kwako bila taarifa, na picha usipige. Ukimpenda sana ukamvunjia masharti yake anayepata shida ni yeye, we utarudi kwako kulala. Kitu cha kwanza kabisa tunachofanya na mgeni ni karatasi, tunakaa chini, kibali kinaisha lini, nakala iko wapi, ya hospitali iko wapi, na akisimamishwa na askari anasema nini. Tunaigiza. Jirani yangu anakuwa askari, anakunja uso kwelikweli, anauliza "unatoka wapi, unakwenda wapi", na mgeni anatakiwa amwangalie usoni ajibu kwa sauti ya kawaida halafu ndo atoe karatasi. Mwanzoni wote wanainamisha kichwa. Kuna mmoja alipiga magoti! Tukamwinua. Hiyo ya kuangalia mtu usoni inachukua muda kuliko mambo mengine yote.

Sasa gesi. Kwenye ile nyumba waliyopangishiwa wageni kuna mtungi mdogo wa kilo sita na jiko la plate mbili, lakini tulipofika tulikuta wanapikia mkaa nje, mvua inanyesha, mtu kashika mwavuli juu ya sufuria. Mtungi uko kona umefunikwa kanga. Tukauliza vipi, bibi mmoja wa Fizi, kule Kivu ya Kusini, akasema hicho kitu kitaua watoto. Na usimcheke, maana kambini wamepikia kuni miaka yote, na hizo kuni ndo zilikuwa zinawatoa wanawake nje ya kambi, wengine wamepigwa huko porini, wengine wamebakwa, hiyo sio siri. Kwa bibi moto ni kitu unachokitafuta kwa miguu na unarudi nacho umebeba kichwani. Moto wa kuzungusha kitufe haumwingii.

Tukafungua dirisha na mlango. Nikachukua kibakuli nikakoroga sabuni ya unga na maji mpaka ikatoa povu, nikampa bibi sponji nikamwambia apake povu pale regulata inapokutana na mtungi na kwenye mpira wote mpaka kwenye jiko. Akapaka. Nikafungua gesi, nikamwambia angalia, povu likianza kutoa mapovu makubwa yanayokua yenyewe ujue inavuja, likitulia tuko salama. Akainama akaweka jicho karibu kabisa, dakika nzima hajapumua yule bibi, sote tumenyamaza, halafu akasema "haipumue", haitoi pumzi. Vizuri. Sasa kiberiti kwanza, gesi baadaye, sio gesi kwanza halafu unaanza kutafuta kiberiti kiko chumba cha pili. Akawasha njiti ya kwanza ikazima. Ya pili akaisogeza, akazungusha kitufe, jiko likafanya pwaa na bibi akaruka nyuma akamkanyaga mjukuu wake, mtoto analia, sisi tunacheka, moto wa bluu unawaka wenyewe pale. Akarudi akazima. Akawasha tena. Akazima. Akawasha. Njiti za kiberiti zimeisha nusu boksi, nikamwambia bibi tupike sasa, akatufukuza jikoni wote ili awashe bila kuangaliwa.

Tuliwafundisha na ile ya harufu, ukisikia harufu ya gesi usiwashe taa, usiwashe simu, funga mtungi, fungua mlango, toa watoto nje, ukiweza toa na mtungi wenyewe. Wiki iliyofuata nikakuta bibi anamfundisha Mrundi mmoja aliyekuja juzi yake, na amekuwa mkali balaa, hataki hata mtu apite jikoni amevaa kanga inayoburuza. Sheria hiyo ya kanga kaitunga mwenyewe, na ni nzuri.

Soko ndo ninalolipenda zaidi. Huwa tunashuka Mwaloni Kirumba, na kama hujawahi kufika Mwaloni fika, dagaa wa ziwa lote hili wanapitia pale, magunia yamepangwa mpaka yanaziba jua, na wanunuzi wanatoka mpaka Kongo. Wageni wetu wakisikia Kongo inaongelewa pale kati ya magunia wanabadilika sura, yule mtu aliyekuwa anatembea nyuma yangu anaanza kutembea mbele.

Tunawafundisha kununua dagaa kwa sababu ndo mboga ya bei wanayoiweza, na dagaa wa Mwanza bila kuwajua watakutesa. Wengi wanaanikwa chini kwenye mchanga, hao ni wa bei ya chini na utawaosha mpaka ukome. Wengine wanaanikwa kwenye chanja, hao wasafi, bei juu. Unachukua kiganja kimoja unasugua, unaangalia kilichobaki mkononi. Unaangalia rangi, wanaong'aa kama fedha walikauka kwa jua zuri, waliogeuka njano wamepigwa na mvua hao. Unatafuna mmoja, ukisikia kruu kwenye meno weka chini. Na unaangalia mwezi, maana hawa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanapumzika, mzigo unapungua na bei inapanda, kwa hiyo mwenye akili ananunua sado yake kwenye giza anaweka. Mwezi kila mtu anauona bure angani, hauhitaji kujua kusoma.

Bibi wa Fizi alisugua, akatafuna, akatema, akatangaza mbele ya wenye mali kwamba hawa sio dagaa, hizi ni mchanga uliopata macho. Akaanza kusifia dagaa wa Tanganyika na wale samaki wao migebuka. Wauzaji wakamjia juu, jamani nilidhani tutafukuzwa, kumbe wao raha tupu, huo ubishi wa dagaa wa Kigoma na wa Mwanza upo tangu zamani na hautaisha leo, wakamwekea ndoo akae waendelee kubishana.

Yule dada wa zipu naye alikuwepo. Huyu nilikuwa namsubiri. Nilimwambia asubuhi, leo mi sisemi neno, nitakuwa nyuma yako. Akasimama kwenye gunia moja, akasugua, akauliza bei kwa sauti ambayo nadhani aliisikia yeye peke yake. Muuzaji akamtajia bei ya mgeni, ameshaisikia lafudhi. Dada kimya. Akanigeukia, nikaangalia juu nikajifanya nahesabu korongo. Akasema bei yake. Muuzaji akacheka, "mama hiyo bei ya mwaka gani?" Na nikaona kabisa mkono wake unaelekea kwenye lile fundo la kanga, nikajua basi analipa, yamekwisha. Halafu mkono ukashuka. Akasema "basi", akageuka akaanza kuondoka. Hatua moja, mbili, muuzaji akaita we mama njoo bana tuongee. Na dada HAKUGEUKA! Akaenda hatua nyingine kadhaa kabisa, makusudi, ndo akarudi kwa maringo kama mtu anayewafanyia hisani. Akapata kwa bei yake na akadai nyongeza, ikamiminwa.

Sijui niseme nini kuhusu furaha niliyokuwa nayo. Nimeshona shela za maharusi, nimeona watu wanalia kwa furaha mbele ya kioo changu, na ni nzuri, lakini hii ya Mwaloni ilikuwa kitu kingine, nilitaka nimshike mtu nimwambie umeona, umemwona yule? Nikamshika msukuma mkokoteni mmoja, akaniambia mama nipishe.

Kuna kijana mmoja naye, yeye alimleta mdogo wake anayeumwa mguu. Kazaliwa kambini, kakulia kambini, shule zao kule Wakongo wanasoma mtaala wa kwao kwa Kifaransa, kwa hiyo kijana hesabu anazipiga kwa Kifaransa chini chini, septante, nonante, yaani sabini, tisini, halafu anakupa jibu kwa Kiswahili na haliko pungufu hata shilingi. Kichwa kweli. Lakini barabara ya lami yenye magari ya kwenda na kurudi hakuwa ameizoea, na daladala zilimshinda. Kusoma anajua, tatizo konda hasomi kilichoandikwa kwenye gari, konda anaimba. Tukamfundisha usiulize "unaenda mjini" maana konda atasema ndiyo kwa kila kitu, uliza "unafika?" na taja mahali, shika hela ndogo mkononi kabla hujapanda, simu mfuko wa mbele, na alama zako za njia ziwe vitu ambavyo havihami, kipilefti cha samaki, mlima wa Bugando, ziwa liko upande gani wa bega lako.

Akaenda peke yake akapitilizwa. Akarudi jioni kwa miguu amevimba nyayo. Tukamuuliza hukusema shusha? Nilisema. Ulisemaje? Akasema, "shusha", hivyo, kwa ile sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa watu wasiofahamiana naye. Basi Jumamosi ile tukaacha kila kitu, tukapanga viti uani kama daladala, jirani yangu akawa konda ananing'inia mlangoni, na kila mtu mpaka bibi alitakiwa apige kelele SHUSHAAA mpaka mpangaji wa nyumba ya pili atoke kuuliza kuna nini. Alitoka. Akabaki, akawa abiria.

Simu wanazo wengi na za kupokea hela wanazijua, ndugu zao wanawatumia. Hapo sisi tulichofanya ni kuwaonyesha wezi tu. Zile meseji zetu maarufu za "ile hela tuma kwenye namba hii", Watanzania tumezizoea tunazicheka, lakini fikiria mtu ambaye maisha yake yote yameendeshwa na maelekezo, nenda pale, panga foleni, weka kidole, subiri, akipata meseji inayomwelekeza atume hela kwa namba fulani anaona ni ofisi. Mmoja alitaka kutuma kweli, na hiyo hela ilikuwa ya mgonjwa. Tukampa kanuni ya jirani yangu, ofisi ya kweli haikuombi namba ya siri na haikuharakishi, ukiharakishwa zima simu kunywa maji. Huyo naye sasa akiletewa meseji ya kitapeli anazijibu, anawaambia watume nauli kwanza. Hapo nimemwambia aache.

Dawa ni kwa wauguzi, sisi hatuingilii, ila kwa wasiojua kusoma huwa tunamwomba muuguzi arudie maelekezo mbele yetu halafu mgeni mwenyewe anachora kwenye bahasha, jua linachomoza, jua la utosini, mwezi, na vidoti vya vidonge chini yake. Anachora yeye, sio mimi, kwa sababu nikichora mimi jua langu yeye analiona ua.

Ziwani huwa tunaenda kupunga upepo mara mojamoja, watoto wakipata nafasi wanataka kuingia kwenye maji na hapo tunakuwa wakali, kichocho kwenye ziwa hili kipo kingi na kinaingilia kwenye ngozi, maji ya pembeni yenye majani na konokono ndo mabaya zaidi, mtoto asichezee, nguo zifuliwe kwa maji ya bomba. Bibi wa Fizi akaangalia ziwa muda mrefu, nikajisifu kidogo, nikamwambia bibi hili ndo kubwa kuliko yote Afrika. Akaniuliza kina chake. Kijana wa hesabu akaingilia, akasema Viktoria ni kama mita themanini tu pale panapozama zaidi, Tanganyika ni zaidi ya mita 1,400. Bibi akapiga makofi mara moja. "Ziwa lenu ni sahani," akasema, "letu ni mtungi." Nilinyamaza, ningejibu nini.

Sio raha siku zote, nisiwadanganye. Kuna wagonjwa wanafariki, mume wa yule dada wa zipu alifariki, na siku hiyo alishapiga simu zote zinazotakiwa kupigwa kabla mi sijafika, mi nilichofanya ni kukaa naye tu kwenye benchi. Wengi wanaondoka bila kuagana, gari linakuja alfajiri, unafika Jumamosi unakuta vitanda vimekunjwa na kuna sura mpya zinakuangalia kwa ule uangaliaji wa chini chini, na unaanza upya na askari wa kuigiza. Kabla daraja la Kigongo na Busisi halijafunguliwa 2025 kulikuwa na siku tunapigiwa simu mgonjwa kakwama foleni ya kivuko na mtu wake anauliza aseme nini kwa askari wa pale, tunamfundisha kwenye simu. Na kuna ofisi moja, siitaji, mlinzi wake aliwaita wageni wangu "nyie vitu vya kambi" na mi nikiwa nimesimama pale. Kijana wa septante alimwangalia usoni, akatoa kibali, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kaka, tumekuja kwa mganga mkuu, tunaomba kuingia." Mlinzi akafungua. Mi ndo nilikuwa natetemeka kwa hasira.

Nina kinyongo pia na wenzetu wa kujitolea wa aina fulani, wale wa kuja na maboksi ya nguo na simu ya kupigia picha, wanapanga watu mstari, mtu anapewa suruali isiyomtosha na anatakiwa atabasamu nayo. Sisemi nguo ni mbaya. Nasema kwenye mstari ule mgeni hana nafasi ya kusema hii hapana, nipe ile. Jirani yangu sasa maboksi yakija anayamwaga mkekani uani, anaweka bei za uongo, shilingi mia, mia mbili, anawagawia vikaratasi kuwa ndo hela, halafu anakuwa muuzaji wa mitumba wa soko la Mlango Mmoja na anabisha bei kwelikweli. Wanapatana mpaka jasho linawatoka. Walioleta maboksi huwa wamesimama pembeni hawajui wapige picha ipi.

Nilichopata mimi? Wateja wengine wamenikimbia kwa kufunga Jumamosi, hilo lipo. Sombe, kisamvu chao, nimejua kuipika sasa, bibi alinisimamia nikatwanga majani mpaka mabega yakalegea, akaonja akasema bado, nikatwanga tena, na mawese alikuwa nayo ya kutoka Kigoma kwenye kichupa alichokificha kuliko kibali chake. Na kwenye kibanda changu nimekuwa na tabia mpya, mtu akilipa bei ya kuanzia bila kusema neno namuuliza kwanza katokea wapi.

Wiki hii tena tumeambiwa kuna wanne wanakuja kutoka Nduta, mmoja ana mtoto anayeumwa macho. Kijana ndo atakayewapokea stendi Nyegezi maana mdogo wake bado ana kliniki, kaniambia nisije, atawaleta kwa daladala na watasema shusha wenyewe. Mi nimebaki na kazi ya mtungi, gesi imeisha juzi bibi akiwa katikati ya maharage, na amenitumia ujumbe kwa simu ya jirani kwamba mkaa hapikii tena, nijue pa kuipata.